Sababu ya Safari

Getini kuna daftari kubwa la mistari myekundu.
Jina. Utokako. Idadi. Sababu ya safari.
Nikaandika: kuangalia ndege.
Mama, ameegemea mwavuli, akataka nimsomee.
Nikamsomea. Akacheka hadi kilemba kikalegea:
"Hao ndege ndio walikuwa wakiniangalia mimi."

Askari wa hifadhi, Msavya, kijana wa Usinge,
akakata risiti, akampa kwa mikono miwili.
Mgeni mmoja. Mtu mzima. Raia.
Mama akaifunga kwenye pindo la khanga,
pale pale zinapokaa nauli na ugoro.

Saa kumi na mbili na nusu, maji ya Sagara
yana rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Mtumbwi unapenya mafunjo
kama kitana kwenye nywele zilizolowa.
Nina darubini ya kuazima kwa mwalimu wa baiolojia
na kijitabu nilichokipiga mistari jana usiku,
safu ya majina, safu ya hesabu.
Yangeyange, arobaini.
Mnandi, sita, wameanika mabawa kama mashati ya shule.
Mdiria mmoja: nilimjua kwa tawi
lililobaki likitikisika.

"Andika na wale," anasema mama.
"Wapi?"
"Wanaolia."
Nasikia vyura. Nasikia upondo ukinyonywa na tope.
Nasikia tumbo langu, sikunywa uji.
Yeye anahesabu kwa masikio, anakunja vidole
vya mkono huu, vya mkono ule,
vinamwishia.
Kisha ananong'ona, "Nzohe! Nzohe yule, amejificha!"
Sote tunainama. Msavya anashusha kofia.
Ni gogo.
Mama analitazama kwa muda, hajakubali.

Tulipofika kwenye uwazi, Msavya akaacha kusukuma.
Hakuonyesha kwa kidole. Kwa kidevu tu.

Korongo domo-kiatu.
Wa kijivu, angemfika Msavya kifuani,
na huo mdomo, kiatu cha mtu
aliyeondoka peku akakiacha mlangoni.
Tukangoja.
Jua likapanda. Mguu wangu ukafa ganzi.
Mama akasinzia, mwavuli mapajani.
Nusu saa nzima ndege hakugeuza shingo.
Nikawaza: huyu ni karani wa ardhi,
yuko nyuma ya dirisha, ananiona,
ataniambia njoo kesho.

Ndipo akaanguka.
Hakuruka, aliporomoka, mwili mzima,
kama robota la tumbaku kutoka juu ya lori.
Akainuka na tope, na majani, na kati yake
kamongo, akijikunja.

"Hapo!" Mama yu macho. "Hapo hapo
nilitega mgono, mwaka aliozaliwa dada yako Nyanzala.
Huyo kamongo ni wangu."

Msavya akayatazama maji.
"Siku hizi kuvua hapa hakuna ruhusa, bibi."

"Na siku zile haikuwepo pia.
Babu yako Kapaya ndiye aliyenikimbiza.
Alikuwa na mbio mbaya, maskini,
na viatu vya serikali vilivyompwaya."

Msavya akacheka kwa mabega tu,
ndege asishtuke.
Mtumbwi wote ukatikisika.

Wakati wa kutoka, daftari lile tena.
Safu ya mwisho: Maoni.
Mama akasema, nami nikawa mkono wake:
Andika, kwarara wamepungua.
Andika, mafunjo yamesogea, zamani maji yalifika kwenye ule mninga.
Andika, mgono wangu mmoja ulibaki humo,
wa matete, mdomo umefungwa kwa kamba nyekundu,
atakayeuona asiutupe.

Nafasi ilikuwa mstari mmoja.
Nikaandika kwa herufi za mchwa,
nikapanda ukingo wa karatasi,
nikashukia chini, kwenye mistari mitupu
ya wageni wa kesho.